Kivinjari cha Saba

Kwa miaka sita karani mmoja wa masjala ya viwanja, ambaye wenzake walimwita Fundi, alikuwa mateka wa kivinjari. Mfumo wa ofisi ulitengenezwa zamani hizo, na ulifunguka kwenye kivinjari kimoja tu, kikuukuu, ndani ya kompyuta yake. Ilibidi ukatae kukisasisha mara mbili, usubiri ukurasa mweupe upite, ndipo ubofye. Ole wako ubofye mapema, kila kitu kinaganda hadi mchana. Wenzake waliogopa hata kuipangusa vumbi kibodi yake.

Ndiyo maana hakupata uhamisho. Mkewe, muuguzi, alikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima, na binti yao aliyemwacha akitambaa sasa alikuwa darasa la kwanza. Kila akipeleka barua, bosi alimjibu lile lile: "Ukiondoka, nani atakifungua?"

Basi akakitafutia mrithi. Kivinjari kimoja kilikuwa chepesi, ila kilionyesha hati bila mihuri. Kingine kilijaa matangazo. Kimoja alikipenda kwelikweli, akakitumia nyumbani mwaka mzima kuzungumza na binti yake, lakini mfumo ulikikataa katakata. Alishashindwa na sita. Cha saba alikiona kikitajwa tu mtandaoni. Akakipakua Jumanne asubuhi, akachezacheza na mipangilio, akabofya bila matumaini.

Mfumo ukafunguka. Mihuri, sahihi, ramani, vyote hivi hapa.

Mtu mjanja angenyamaza, amfundishe mwenzake wa meza ya pili, kisha apeleke barua. Lakini Fundi hajui kufurahi kimyakimya. Alikimbilia kwa bosi, hata hodi akasahau kubisha.

"Mama, njoo uone! Sasa yeyote anaweza. Hata mlinzi!"

Bosi akaja, akabofya mwenyewe, akabofya tena, akacheka mpaka akakaa kwenye kiti cha Fundi. "Wewe mtu wewe! Unajua matawi mangapi yanalia na mfumo huu? Kumi na manne!" Palepale akapiga simu makao makuu. Alipoikata, uso wote ulikuwa tabasamu.

"Wamekubali. Utazunguka matawi yote uwawekee kivinjari hiki, halafu utakuwa msimamizi wake, hapa hapa. Hata tawi la kwa mkeo utafika mwezi ujao, siku mbili nzima."

"Na uhamisho, mama?"

"Tuuache kwanza, baba. Tutampata wapi mwingine kama wewe?"

Fundi akasema ahsante. Alijichukia kwa kuisema.

Jioni alimpigia mkewe kwa video, na kwa kuwa alitaka kuanza na lililo jema, akasema, "Nakuja mwezi ujao."

Mkewe akapiga kelele kumwita binti yao. "Mama we! Njoo usikie, baba anakuja!"

"Ngoja kwanza," alisema Fundi, "sikiliza..."

Hakuna aliyemsikiliza. Binti alikuwa ameshafungua kabati na kuanza kutoa nguo zake kwenye rafu ya chini, ili baba apate pa kuweka zake.