Kengele na Dada Yake

Walimwita Kengele kwa ajili ya sauti yake. Kampeni zilipoanza, mgombea ubunge mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alimkodi apite mitaani na gari la matangazo. Mpinzani wao mkubwa alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke aliyeachana na mumewe zamani, na Kengele hakuchelewa kuona pa kumshika.

"Nyumba moja imemshinda," alinguruma sokoni, "jimbo zima ataliwezea wapi?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Akaurudia utani huo stendi, akaurudia nje ya zahanati. Bosi akampigia simu kumpongeza.

Mchana akaenda kula kwa dada yake, muuguzi wa zahanati ileile. Huyo ndiye aliyemlea. Kengele alikuwa na miaka saba siku dada alipoondoka kwa mumewe, mkono mmoja umevunjika, ule mzima umemshika yeye.

Dada akampakulia kama kawaida. Kisha akauliza, sauti yake ileile ya siku zote, "Hivi mdogo wangu, na mimi nyumba ilinishinda?"

Kengele akarudisha tonge kwenye sahani. "Dada, ile siasa tu. Wewe tofauti."

"Tofauti nini? Wagonjwa wangu walicheka. Na mimi nikacheka, wasije wakanitazama."

Kengele alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakumaliza chakula.

Asubuhi akarudisha kipaza sauti. Njia nzima alikuwa amepanga la kusema, lakini mbele ya bosi ulimi ukawa mzito. "Koo linaniuma," akasema.

"Pole. Lakini ule utani wako umeshika, nitampa mwingine auendeleze."

Akatoka.

Mchana alimkuta dada uani akifua mashuka. Gari likapita, sauti ngeni, maneno yaleyale ya Kengele. Jirani aliyekaa mlangoni akacheka.

"Hayo niliyatunga mimi," Kengele akamwambia. "Ni upuuzi. Yule mama hakushindwa kitu."

Jirani akazidi kucheka. "Kengele bwana! Huishiwi!"

Akasimama pale, mikono inamning'inia, hajui pa kuuweka uso wake. Dada akatoa shuka kwenye beseni, akamrushia ncha moja.

"Shika huko," akasema.

Wakakamua, kila mmoja akiangalia maji yanavyodondoka.