Mfereji wa Siku Mbili

Risper alikuwa ameshaing'oa injini. Lijue hilo kwanza, maana bila hilo vurugu zote za wiki ile zingekuwa kelele za watu na matope tu. Injini ya dizeli iliyoendesha kisiagi chake cha mahindi tangu mumewe angali hai, ile iliyokohoa moshi mweusi hadi majirani wakaacha kuanika nguo upande ule, aliifungua nati kwa nati, akawauzia Wakuria wa kule mpakani, na mahali pake akafunga mota mpya ya umeme. Umeme wenyewe uko wapi? Ulikuwa bado mtoni.

"Nyar Kendu ameingiwa na wazimu," watu walisema sokoni. Walimwita hivyo, binti wa Kendu, kwa sababu alizaliwa Kendu Bay kabla ya kuolewa hapa Got Rateng', kwenye vilima vya Migori. Sasa walibeba mahindi kichwani hadi kituo cha mbali kwenda kusagisha, na kila aliyepita mbele ya kisiagi kilichofungwa alikohoa kidogo, kikohozi cha kumwambia tumekuona. Risper hakujali. Tuseme ukweli, alijali sana, ila alikuwa na uso mgumu.

Na alikuwa na sababu ya kutumaini. Kijito cha Nyabera hushuka kilima kile usiku na mchana bila kumwomba mtu ruhusa. Chama kimoja cha nishati kiliwaazima wanakijiji mtambo, gurudumu la chuma lenye vikombe. Maji yakitoka kwa nguvu kwenye bomba na kulipiga, linazunguka na kuzaa umeme wa kutosha nyumba, zahanati na kisiagi kimoja. Kazi ya wanakijiji ilikuwa kuchimba mfereji ubavuni mwa kilima, kutoka kwenye banio, kile kizuizi cha maji kule mtoni, hadi kwenye tangi lililo juu ya bomba. Jumapili ya wiki ile mhandisi Nyatichi wa chama hicho angekuja na lori. Akikuta mtambo unazunguka, unakuwa wao kabisa. Akikuta umelala, ataupakia aupeleke Magunga, ambako watu walishamaliza mfereji wao na sasa wanapiga miayo kwa kungoja.

Basi walichimba. Lakini walivyochimba! Got Rateng' ina Wasabato na ina Wakatoliki, na siku za kazi kila mtu yuko shambani kwake. Wasabato hawashiki jembe Jumamosi, kwa hiyo walichimba Jumapili, wakianzia juu kwenye banio wakishuka. Wakatoliki hawashiki jembe Jumapili, kwa hiyo walichimba Jumamosi, wakianzia chini kwenye tangi wakipanda. Risper aliwaongoza wa juu. Wa chini waliongozwa na katekista Joash, ambaye kijiji kizima kilimwita Japuonj, yaani mwalimu, kwa vile alifundisha watoto katekisimu na wakubwa kila kitu kingine. Mfereji ni mmoja, ila pande zile mbili hazikuwahi kuinua jembe siku moja. Kila kundi lilikagua kazi ya jirani yake, jirani akiwa ibadani, likacheka, likachimba zaidi.

Ijumaa asubuhi palibaki ukuta mdogo wa udongo katikati. Safari hii wote waliacha mashamba yao wakaja. Japuonj alitema mate mikononi, akainua sururu, akaupiga ukuta mara mbili, ukaanguka. Vigelegele! Kule juu banio likafunguliwa, na maji yakaja mbio, yamebeba majani na povu, wanawake wakikimbia kando yake wakiyapigia makofi kama bibi harusi anayeingia boma. Risper alikimbia mbele ya wote, leso mkononi.

Maji yakafika pale katikati, yakasimama. Yakarudi nyuma kidogo, yakavimba, yakatafuta njia, na mwishowe yakaruka ukingo na kumwagikia shamba la viazi vitamu la Jedidah.

"Yawa! Viazi vyangu!" Jedidah akapiga yowe.

Fundi Kerosi, Mkisii mpole aliyepanga vigingi vya kina mwanzoni kisha akashinda kule chini akijenga tangi, alikuja na mpira wake mwembamba wa kupimia, ule wa mafundi unaojazwa maji. Akashika ncha moja, Risper akashika nyingine. Fundi akatazama, akafuta macho, akatazama tena.

"Huku chini kuko juu," akasema.

"Unasema nini, fundi?"

"Sakafu ya mfereji wa Japuonj iko juu ya sakafu ya mfereji wako. Tofauti imepita goti. Maji hayapandi ngazi, mama. Niliwawekea vigingi, mlivifuata ama mlivipamba?"

Watu wakatazama matope. Risper akaona heri ateme ukweli. "Tulivifuata, lakini tuliongeza kina kidogo. Yaani... maji yaende mbio."

Japuonj akakuna kidevu. "Na sisi tulipandisha kidogo. Ili yakifika kwetu yashuke na nguvu."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Lakini kicheko kile hakikufika mbali. Kila mmoja alikumbuka lori, na Risper alikumbuka mota yake mpya imekaa gizani haijawahi kuzunguka hata mara moja.

"Inatengenezeka?" akauliza.

"Huku juu kumeshashuka, hakuinuki tena," Kerosi akasema. "Ni kushusha huku chini, polepole, hadi karibu na tangi. Udongo ni mwingi."

Wakatoliki wakaanza kunung'unika. "Kosa ni letu sote," Japuonj akasema, "halafu jasho liwe letu pekee? Mimi najua hesabu, nyar Kendu. Leo ni Ijumaa. Jua likizama Sabato yenu inaanza, mnaenda kuosha miguu. Kesho tutabaki sisi. Na Jumapili lori limekuja."

Risper aliingia mfereji wa chini, ule usio wake, akazama matope hadi kwenye vifundo vya miguu. "Leo tunachimba sote hadi jua lizame. Kesho mchimbe nyinyi. Jumapili, mkiwa misa, tutachimba sisi. Hapa hapa kwenu."

"Wasabato wachimbe kwa Wakatoliki?"

"Nimeshaingia, Japuonj. Nipe jembe."

Akampa. Basi Ijumaa ile ilikuwa kazi! Waliochekana mwezi mzima walipokezana makarai, Jedidah aliacha kulilia viazi akashika koleo, na kijana mmoja wa Kikatoliki alipoimba, Wasabato wakamjibu kwa sauti nne walizozoea kanisani, hadi Kerosi akasema hajawahi kusikia matope yakichimbwa kwa utamu hivyo. Furaha ilimpanda Risper kifuani akasahau mgongo. Kisha, jua likiwa limeinama juu ya ziwa la mbali, sururu ikagonga jiwe. Siyo kokoto. Ubavu mzima wa kilima, mweusi, umelala ndani ya njia.

Na jua likazama. Wasabato wakaweka majembe chini. Sabato ni Sabato, hata kama moyo unataka kuruka nje. Risper alinawa miguu kijitoni akamtazama Japuonj. "Mtaliweza?" akauliza.

"Nenda kanisani, dada," Japuonj akamjibu. "Mawe hatukuanza kuyajua leo."

Jumamosi kanisani Risper aliketi karibu na dirisha, jambo lililokuwa kosa. Mhubiri alikuwa amefika mahali pazuri pa mahubiri wakati moshi ulipoinuka kutoka kilimani, mzito, wa kijivu, upande ule ule wa bomba. Bomba lile lilikuwa la plastiki! Wamechoma bomba, Risper akawaza. Wamekoka moto wa chai wakachoma bomba, na mota yangu, na kisiagi changu, na mimi. Akainuka nusu. Jedidah aliyekaa kando akamvuta sketi.

"Keti."

"Unaona ule moshi?"

"Naona. Keti. Ukivunja Sabato kuwasimamia leo, kesho nani kati yetu atakubali umsimamie?"

Akaketi. Hakuna adhabu mbaya kuliko kuketi huku roho yako inakimbia kilimani. Baadaye ukasikika mlio, pa!, kama mti mkubwa umevunjika, kisha mwingine, kisha kelele za wanaume. Kelele za furaha au za msiba? Kwa mbali zote hufanana. Risper aliimba wimbo wa kufunga ibada bila kujua ni upi.

Jua lilipozama alipanda kilima mbio. Bomba lilikuwa zima. Jiwe halikuwapo, vipande vyake vilirundikwa ukingoni, na Japuonj alikaa juu ya rundo, uso umejaa masizi na nyusi moja haipo.

"Tuna vijana waliochimba dhahabu kule Macalder," akasema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Jiwe unalikokea moto mkali mpaka liwe jekundu. Halafu unalimwagia maji baridi ya mto. Linapasuka lenyewe. Hii nyusi ilikuwa karibu sana."

Risper alitaka kucheka, akajikuta machozi yanamtoka. "Erokamano, ndugu yangu. Erokamano sana."

"Usinishukuru bado. Kipande cha kwenda tangini kimebaki, na kesho mimi siingii humo."

Alfajiri ya Jumapili Wasabato walikuwa ndani ya mfereji. Walichimba wakiwa wamepanga mstari, Kerosi akipita na mpira wake akisema "bado, bado, hapo tosha." Jua likapanda, mikono ikapasuka, kazi ikapungua lakini haikuisha. Na lori likatokea kabla ya wakati.

Mhandisi Nyatichi alishuka, mwanamke mfupi wa viatu vya mpira, asiye na maneno mengi. Akatazama mtambo uliolala. Akatazama mfereji.

"Mama, watu wa Magunga wananingoja leo leo, na barabara ile haipitiki gizani," akamwambia Risper. "Dereva akimaliza kula, naanza kufungua bolti."

Dereva yule alikula haraka, Mungu amsamehe. Risper alirudi kuchimba kama mtu anayefukua mwanawe. Nguvu zilikuwa zimewaishia wote. Majembe yalipanda moja moja, yakashuka moja moja, hovyo, na udongo haukusogea.

Ndipo misa ikaisha. Wakatoliki walikuja wakifuata ukingo, wamevaa nguo zao safi za Jumapili, na mbele yao vijana wawili wamebeba ngoma za kanisa. Japuonj akasimama juu ya ukingo, nyusi moja, shati jeupe.

"Kuchimba leo hatuchimbi," akatangaza. "Lakini kupiga ngoma hakuna aliyetukataza."

Wakapiga. Sasa, Wasabato wa Got Rateng' hawakuwahi kuruhusu ngoma kukaribia kanisa lao, na mzee mmoja shimoni alikunja uso. Lakini ngoma haimuulizi mtu. Ikaingia mikononi, ikapanga majembe, yakapanda pamoja, yakashuka pamoja, dum, udongo ukaruka, dum, ukaruka tena, na yule mzee aliyekunja uso ndiye aliyekuja kuchimba kwa fujo kuliko wote. Kule chini vijana wa lori walikuwa wanakunjua kamba. "Tosha!" Kerosi akapiga kelele. "Tosha, tokeni! Fungua banio!"

Maji yakaja. Yakapita pale katikati yaliposimama Ijumaa, yakapita bila hata kupunguza mwendo, yakapita jiwe lisilokuwapo, na watu wote wa dini zote wakakimbia nayo. Yakaingia tangi, yakapanda, yakajaa. Kerosi akafungua koki. Bomba likatetemeka lote kama ng'ombe anayefukuza nzi. Kisha ule mngurumo ukaanza chini, kwanza kama mtu anayesafisha koo, halafu mwembamba, halafu mrefu, na taa moja iliyoning'inia kwenye nyumba ya mtambo ikawaka mchana kweupe.

Nyatichi aliweka kiganja juu ya mtambo uliokuwa unazunguka, akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kunjeni kamba," akawaambia vijana wake. "Magunga nitawatafutia mwingine."

Kelele zilizofuata sitazieleza. Risper hakuzisikia, alikuwa ameshafika kisiagini. Akamwaga mahindi, akabonyeza swichi, na mota ikaitika. Unga ukaanza kushuka, mweupe, wa moto, ukimjaa mikononi. Akashangaa mlio ulivyokuwa mdogo. Kwa injini ile ya zamani mteja ilimbidi apige kelele ili asikike. Leo alisikia mpaka watu wakisukumana mlangoni na madebe yao. Alicheka peke yake kama mwendawazimu waliyemwita.

Japuonj akajipenyeza hadi mbele, shati jeupe limeshaingia madoa. "Nyar Kendu, nina swali. Jumamosi utafunga?"

"Nimefunga kila Sabato tangu niolewe."

"Najua. Ila maji hayafungi. Yatashuka siku nzima, mtambo uzunguke, na watu wangu wapite hapa na mahindi kichwani kwenda kule mbali."

Risper aliwaza amri aliyoikariri utotoni, kwamba asifanye kazi yeye, wala mtumishi wake, wala mgeni aliye malangoni mwake. Hakutafuta mlango wa nyuma wa kuizunguka. Alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo wa pili wa kisiagi, ambao hakuwahi kumpa mtu.

"Jumamosi hiki kisiagi si changu," akasema. "Ni chenu. Mtakachopata siku hiyo ni chenu, msiniletee hata pumba."

Japuonj aliupokea ufunguo kwa mikono miwili.

"Na kikikwama?"

"Kikikwama," Risper akasema, akirudi kwenye unga wake, "utaketi hapo mlangoni unisubiri jua lizame."