Alichokinyamazia Fundi wa Makochi

"Maumivu yalianza lini, mzee?" daktari aliuliza.

"Mwaka jana," akajibu fundi wa makochi. Mkewe, aliyekaa kando na mkoba mapajani, akaitikia kwa kichwa. Naye hakujua zaidi ya hapo.

Daktari hakuandika kitu. Majibu yalikuwa mezani: saratani ya tezi dume, na ilikwisha kuingia kwenye mifupa ya nyonga. Lakini vinyama walivyovipima vilionyesha jambo jingine pia, mchochota wa muda mrefu. Tezi ilikuwa ikivimba na kuwaka ndani kwa ndani kwa miaka. Akauliza tena, polepole, kama hakuwahi kusikia moto akikojoa, au homa, au kushindwa kukaa.

Fundi akainamisha kichwa, akasema ni miaka kumi na minne.

Maumivu yalimwanza alipokuwa akivalisha vitambaa makochi ya hoteli. Hakuwahi kutoka nje ya ndoa, ila alidhani ni ugonjwa wa aibu, na alijua watu wangesemaje. Akanunua vidonge dukani, akala nusu, maumivu yakatulia, akaacha. Yakarudi. Akanunua tena. Akajikatia mto wa sponji wenye tundu katikati ili aweze kukaa kazini, wateja wakamtania kwamba anaatamia mayai, akacheka nao. Nyumbani alihamia kulala sebuleni, akasingizia mgongo.

"Huo uvimbe ndio ulioleta hii?" aliuliza.

"Siwezi kukuapia," daktari alisema. "Mchochota ukikaa miaka, chembe za mwili zinaumia na kujijenga upya, zinaumia tena, na katika kujijenga huko kosa linaweza kuingia. Tunadhani unachangia. Lakini wengi wana mchochota huo, na saratani hawaipati. Ningependa tu ungekuja mapema."

Mficha maradhi... Fundi akaimalizia methali hiyo mwenyewe kimoyomoyo.

Walitoka wakaketi kwenye benchi la dirisha la dawa, wakingoja sindano ya kwanza. Mkewe alikuwa akiikunja na kuikunjua kadi ya hospitali.

"Ulipohamia sebuleni, nilijua una mwanamke."

"Najua."

"Na ulijua nilimdhania nani?"

Alijua. Mshona mapazia, waliyegawana naye karakana, rafiki wa mkewe tangu usichana wao. Siku ile mkewe alimfuata hapohapo kazini na kumwambia maneno mbele ya wateja. Mshona mapazia alifunika cherehani yake, akaita mkokoteni, akaondoka nayo. Fundi alikuwa amesimama na nyundo mkononi na misumari midogo mdomoni, na hakuitema ili aseme neno. Miaka miwili iliyopita mshona mapazia alizikwa. Mkewe hakwenda, alishinda uani akifua nguo zilizokuwa safi.

"Ukaniacha niamini," mkewe alisema.

"Nilikuacha. Unishuku, kwangu ilikuwa rahisi kuliko ujue naumwa nini."

Fundi alitaka mkewe alie, au amtukane. Mkewe aliinuka tu, kwa kuwa walikuwa wameitwa.

Baada ya sindano hawakushika njia ya nyumbani. Mkewe alitangulia, na kila alipofika kona alisimama kumngoja, maana nyonga hazikumruhusu mumewe kwenda haraka, lakini hakugeuka kumtazama. Fundi hakuuliza wanakwenda wapi. Walipoingia kwenye mtaa wa nyumba zilizobanana, akaelewa.

Binti wa marehemu ndiye aliyefungua. Alikuwa mtu mzima sasa, na uzi wa kijani umemnasia begani. Akamtambua mke wa fundi, uso ukafunga. Hakuwakaribisha, wala hakuufunga mlango.

"Mwenye maneno ni huyu," mkewe alisema, akapisha pembeni.

Fundi alivua kofia. Binti alikuwa ameshikilia kitasa, akimtazama, na ndani ya nyumba redio iliendelea kuimba mpaka mtu akaipunguza.