Mwanzi Kutoka Kensington

Jumamosi moja ya mwaka 2017, saa nne asubuhi, Marcelline alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha mteja, kwenye saluni ya viti vitatu huko Marshalltown, katikati ya jiji. Kabla ya kuja kazini alikuwa amechuma uyoga ukutani kwake, juu ya kitanda, bakuli zima, akaukaanga na vitunguu. Uyoga huota pale kila mwisho wa mwezi, siku ya pili baada ya yeye kula biskuti za mume wake. Majirani wamezoea kubisha hodi kuomba kidogo cha kitoweo.

Biskuti zenyewe ni za Kijapani. Mumewe, Lambert, ni mlinzi kwenye mlango wa shaba wa jengo la ofisi, na Mjapani wa ghorofa ya tatu humpa zawadi kila mwezi. Zina umbo la uyoga: shina la biskuti kavu, kofia ya chokoleti. Marcelline huanza na kofia, anaiacha iyeyuke mdomoni, kisha anatafuna shina. Ni miaka miwili sasa mume anamletea yeye peke yake, hata watoto hawapewi. Habari hiyo saluni nzima ilishaisikia, mpaka wakachoka nayo.

Mteja aliitwa Olive, Mrundi mpole anayeishi na kuuza vitambaa mtaa wa Kensington. Alikuwa analalamika kwamba chumba chake kimejaa mianzi. Imetoboa sakafu na sasa imefika kwenye dari. Lazima aipinde ndipo afungue kabati.

"Inatokana na biskuti," alisema. "Kuna Mjapani anampa mwanaume wangu paketi mbili za aina mbili. Eti kwao watu wanagombana kabisa, ipi tamu. Mimi ananiletea hizi."

Akatoa mkobani paketi ya kijani. Marcelline alifuta mikono kwa taulo, akachukua moja. Ilikuwa na umbo la chipukizi la mwanzi, imechongoka juu, na chokoleti imeizunguka, haina kofia wala shina. Ndani ilikuwa laini, ya siagi, ikavunjika na kuchanganyika na chokoleti hata usijue kipi kinaanzia wapi. Alichukua ya pili ili awe na hakika. Zilikuwa tamu kuliko zake. Zingekuwa mbaya, labda angesamehe. Alipangusa makombo mdomoni.

Aliuliza huyo mwanaume anafanya kazi gani. Olive akasema ni mlinzi, hapa hapa Marshalltown, jengo lenye mlango wa shaba.

"Ana mke, sikufichi, dada. Lakini anasema mke wake hapendi hizi."

Marcelline alimsuka mpaka mwisho. Hakukaza msuko hata mmoja kupita kiasi. Nywele hazina kosa.

Jioni alimuuliza Lambert kama yule Mjapani hana biskuti za aina nyingine. Lambert alikuwa anavua buti. Akasema zipo, lakini hazina ladha, zisingemfaa.

Wiki iliyofuata alirudi na mwanzi mrefu begani. Akasema ameukuta umetupwa karibu na robot, zile taa za barabarani, utafaa kutundikia nguo. Akaufunga kutoka ukuta hadi ukuta. Baada ya siku mbili ulitoa majani, na yote yakaelekea Kensington. Marcelline aliugeuza. Asubuhi majani yalikuwa yamegeuka tena. Basi akatundika sare ya mumewe hapo hapo, na kila Jumamosi kabla ya kazi anayapunguza majani kwa mkasi wa saluni, maana yakiachwa yanamfuta usoni akilala.

Mwisho wa mwezi Lambert aliingia na paketi, akaipitisha chini ya majani, akampa mkononi.

"Nimekuletea zile unazozipenda," alisema.

Marcelline akasema asante, akaanza na kofia.