Mtoto Amevuka

Wanaume walirudi kutoka ng'ambo ya Malagarasi Jumapili baada ya ibada, na kabla hata hawajanawa miguu, hadithi zilikuwa zimeshaanza.

Immakulata aliwasikia akiwa ndani. Ule ua wa matete uliotenganisha nyumba yake na ya Mzee Leonidasi haukuzuia kitu, si kuku wala maneno. Alimfunga mtoto mgongoni haraka haraka. Leo ilikuwa siku ya nane tangu ajifungue, siku ya kumtoa mtoto nje, na baba yake amerudi siku hiyo hiyo! Nani angeipanga vizuri kuliko hivyo?

Siku kumi na mbili zilikuwa zimepita tangu mumewe, Melkiadi, aondoke na Mzee Leonidasi na Khatibu, mnunuzi wa nta kutoka Ujiji, kwenda kutafuta maji. Kila mrina asali wa kijiji chao cha Murungu alijua kwamba nyuki wa kule ng'ambo hawahami hata Agosti, na nyuki asiyehama ana mahali anapokunywa. Wapi? Hakuna aliyewahi kwenda kuona. Mizinga yao ya upande huu ilikuwa mitupu kwa kiangazi cha pili mfululizo. Ndiyo maana watu watatu walibeba unga, mashoka na kibali cha ofisi ya nyuki, wakaingia pori ambalo hata wawindaji walilizunguka kwa mbali.

Uani kwa Leonidasi watu walikuwa wamejaa. Mzee mwenyewe alikuwa juu ya kinu kilichopinduliwa, kibuyu mkononi. Kwao mtu aliyetoka safari hakatizwi wakati bado ameshika kibuyu, na Leonidasi alijua kukishika.

"Siku ya tatu," alikuwa akisema, "tukakuta nyayo za simba. Kubwa hivi!"

"Asubuhi zilikuwa kama kisahani," Khatibu alimkumbusha. "Sasa zimekuwa sinia."

"Wewe Mswahili, ulikuwa juu ya mti. Kutoka juu kila kitu ni kisahani."

Watu walicheka. Immakulata naye alicheka, akisimama pembeni karibu na mama mkwe wake, Theodosia, macho yake yakitafuta kofia ya pama ya mumewe. Hakuiona. Labda yuko nyuma anafungua mizigo, alijiambia.

Leonidasi aliendelea. Alisimulia matope yaliyomeza kiatu chake kimoja, akakiinua kile kingine kama ushahidi. Alisimulia walivyokunywa maji ya shimoni yenye rangi ya chai. "Maji tuliyoyafuata hatukuyapata," alisema, na sauti yake ikashuka kidogo. Kisha akachangamka tena. "Na tungeyapataje, wakati kijana wetu mwenye macho makali alitukimbia? Jumatano Khatibu alirudi kambini na unga tuliomtuma kijijini. Wakanong'onezana wawili. Mara namwona Melkiadi anatupa shoka. 'Mzee, narudi nyuma!' Hata sababu hakuitaja, na Khatibu akasema tu ni mambo ya nyumbani. Nikasema, haya, kitanda kimemwita!"

Uani kulipasuka kicheko. Watu waligeuka kumtazama Immakulata, wakitegemea aone haya.

Immakulata hakuona haya. Alisogea hadi mbele ya kinu.

"Mzee," alisema, "nisamehe nikikukatiza. Baba Dorcas hakufika hapa."

Leonidasi alikitazama kibuyu, akakiweka chini. "Hakufika vipi? Tangu Jumatano? Kutoka kambini hadi hapa ni siku moja."

Kwa mara ya kwanza Immakulata alisikia jinsi mtoto mgongoni anavyopumua.

Khatibu alisimama. "Shemeji, kwani binti hajapatikana? Nimewaona mnacheka, nikajua mmeshampata."

"Binti gani?"

"Huyu wenu. Aliyevuka mto."

"Dorcas?" Theodosia aliruka. "Dorcas yuko pale, anamaliza nyama ya wageni!"

Na kweli, Dorcas, mwenye miaka mitano, alikuwa amechuchumaa kwenye sufuria, mashavu yamejaa. Khatibu alimtazama kama mtu aliyeona mzimu.

"Lakini ni wewe uliyeniambia, shemeji! Jumanne napita na baiskeli, wewe uko ndani, unaniitia dirishani. 'Mwambie Baba Dorcas, mtoto amevuka!' Nikauliza, lini? Ukasema, juzi alfajiri. Nikauliza, peke yake? Ukacheka, ukasema, peke yake, ulitaka wawe wawili? Nikashangaa sana, mama gani huyu anacheka. Basi nikampelekea mwenzangu kama nilivyopewa: mtoto wako amevuka mto, juzi alfajiri, peke yake."

"Mto nimeutaja mimi?"

"Sasa mtu anavuka nini, kama si mto?"

Immakulata alifumba macho. Aliiona kalamu nyekundu ya mwalimu wa kisomo cha jioni, ikikata neno lake kwenye daftari. *Mama, kwa Kiswahili tunasema mtoto amezaliwa. Kuvuka ni kutoka upande huu kwenda upande ule.* Alikuwa ameliandika neno sahihi mara kumi, kwa mwandiko mzuri. Lakini mtu akiwa na mtoto wa siku tatu, na furaha imemjaa mpaka kooni, haiti dirishani kwa lugha ya daftari. Anaita kwa ile aliyonyonya kwa mama yake.

Alifungua kitenge, akamleta mtoto mbele. "Bwana Khatibu, kwetu kuvuka ni kuzaliwa. Mtoto aliyevuka ndiye huyu. Alikuja mwezi mmoja kabla ya siku zake."

Khatibu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Lahaula! Nimemtuma mtu porini akatafute mtoto aliyeko nyumbani!"

Hakuna aliyecheka. Wote waliwaza kitu kile kile: siku nne, peke yake, bila shoka. Na Immakulata aliwaza zaidi. Dorcas alishawahi kumfuata baba yake mpaka mnadani bila kuaga. Siku ya safari alililia kwenda, na baba akamwambia, "Ukikua utavuka." Melkiadi hangechoka kutafuta. Angetafuta mpaka aanguke.

"Nipeni karatasi," alisema.

Aliandika kwa herufi kubwa, akiegemeza karatasi kwenye kinu: DORCAS YUPO NYUMBANI. MTOTO WETU AMEZALIWA, MVULANA. RUDI. Khatibu hakusubiri hata chakula. Yeye na Leonidasi, mwenye kiatu kimoja, walipanda baiskeli kuelekea mtoni jua likiwa bado juu.

Usiku ule Theodosia alisali, na Immakulata alinyonyesha. Asubuhi alitwanga, mihogo ikawa unga, unga ukawa vumbi, naye bado anatwanga.

Saa sita mchana kengele ya baiskeli ilisikika. Zilikuwa kengele mbili. Na kofia ya pama.

Mchi ulimponyoka. Melkiadi alishuka, midomo imepasuka, suruali imechanika magotini, karatasi ya Immakulata mkononi. Alimwinua Dorcas kwanza, akamgeuza, akamkagua mikono na miguu kama mtu anayenunua mbuzi. Ndipo alipomtazama mtoto, kisha mkewe, na machozi yakamtoka huku anacheka.

"Kumbe umejua kuandika hivi, Mama Dorcas!"

"Kaa kwanza. Kunywa maji."

"Maji?" alisema. "Ngoja niwaambie habari za maji."

Leonidasi alimpa kibuyu bila kuombwa, na Melkiadi akasimulia. Alimuuliza mvushaji wa mtumbwi, akaambiwa siku ya mnada watu ni wengi, nani ahesabu watoto? Akatafuta kando ya mto siku mbili, akiita mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu akaona nyayo kwenye tope: ndogo, vidole vitano, kisigino chembamba. Alizifuata akilia. Zilimpandisha bonde moja baada ya jingine, mpaka kwenye mwamba wenye ufa, na pale ufani akawakuta wenye nyayo.

"Nyani!" alisema. "Ukoo mzima wa nyani, wanakunywa maji meupe, baridi, Agosti hii! Na juu yao nyuki wametanda kama wingu. Nikakaa chini, nimekwisha. Nikayarudia maneno ya Khatibu kwa lugha ya nyumbani. *Mtoto amevuka.* Nikajipiga kofi. Nikaanza safari ya kurudi, na hawa nikawakuta kivukoni."

Sasa walicheka, mpaka Theodosia akaomba ashikwe. Leonidasi peke yake alinuna kidogo. "Simba wangu wote, halafu nyani ndio wanaoshinda!"

"Chemchemi hiyo tuiiteje?" Khatibu aliuliza.

"Amevuka," alisema Immakulata, na hakuna aliyepinga, hata mwenye Kiswahili chake.

Dorcas alikuwa amejibanza magotini mwa baba yake, akiivuta ile suruali iliyochanika.

"Baba, mimi sikuvuka."

"Najua, mama."

"Sasa nitavuka lini?"

Melkiadi alimtazama mkewe. Immakulata aliokota mchi wake, akaupangusa vumbi taratibu.

"Wewe ulishavuka," alimwambia binti yake. "Kaa hapo ule."