Vidonge vya Mama Mkwe

Mimi na shemeji, mume wa dada yangu, tulikuwa mafundi wa makochi katika karakana moja. Kwa upole wake tulimwita Pamba. Baba yake alipofariki, Pamba aliacha kula, akawa anakaa kuitazama fremu tupu ya kochi hadi jioni. Mama yangu alimwonea huruma. Yeye mwenyewe alikuwa akitumia vidonge vya sonona alivyoandikiwa na daktari, na vilikuwa vimemsimamisha.

"Meza hivi, baba," alimwambia mkwewe. "Hospitali utapanga foleni mpaka uote mvi."

Baada ya wiki moja Pamba aliona vinachelewa, akaanza kumeza vingi kwa mpigo. Usingizi ukamkimbia. Akawa anaongea bila kituo, jasho likimtiririka, mikono ikimtetemeka, ila kazi ya wiki akiimaliza kwa siku mbili.

"Pamba umegeuka msumari," nilimtania. Alicheka, nami nikacheka.

Jumanne asubuhi nilimwambia kitambaa amekikata kinyume. Hilo tu. Akanigeukia, mboni zimepanuka hadi jicho limekuwa jeusi.

"Nani amekutuma?"

Nyundo ikatua kwenye mkono wangu juu ya meza. Niliisikia mifupa ikivunjika kabla ya maumivu kufika. Pigo la pili likanipata begani. Dada, aliyekuwa ametuletea chai, alikuja mbio akamkumbatia mumewe kiunoni. Pamba akamrusha ukutani, dada akapasuka kichwa. Kisha Pamba akaanza kujipiga paji la uso kwa nyundo ile ile, damu ikimwingia machoni, hadi mwili ukakakamaa, akaanguka akitoa povu.

Hospitalini alikuwa anawaka homa. Daktari aliuliza amemeza nini.

"Hajameza kitu," mama alisema, mkoba ameukumbatia.

"Mama, nikibahatisha, huyu anakufa."

Ndipo akautoa mkebe wa vidonge, mtupu.

"Nilitaka kumsaidia tu."

"Hivi vilipimwa kwa ajili yako wewe."

Siku ya tisa Pamba aliuona mkono wangu umefungwa plasta, akaniuliza ni gari gani lilinigonga. Dada, akiwa na nyuzi kumi na moja kichwani, ndiye aliyemwambia. Pamba akageukia ukuta, akalia.

Vidole vyangu viwili havikunjiki tena. Sikufungua kesi. Pamba anahudhuria kliniki, na kila asubuhi dada humpa dawa aliyoandikiwa yeye mwenyewe Pamba. Lakini mama akija kuwajulia hali, dada haitikii hodi. Mimi ndiye ninayemtolea kiti nje.