Kadi Mbili za Bei

Kwa heshima na taadhima, umma wote unatangaziwa kwamba siku ya Alhamisi, majira ya alasiri, kiliitishwa kikao rasmi cha familia ili kuamua suala zito la ununuzi wa kompyuta mpakato. Mwenyekiti alikuwa Shangazi. Mjumbe wa kwanza alikuwa mdogo wake wa kiume, ambaye nyumba nzima ilimwita Baba Mdogo, mtaalamu wa mambo yote. Mjumbe wa pili alikuwa mpwa wao aliyekuja likizo kutoka shule ya bweni, binti mwenye adabu, msikivu, asiye na hila. Kikao kilifunguliwa kwa kikohozi cha mwenyekiti, na kikaahirishwa dakika mbili baadaye kwa sababu mwenyekiti alikuwa ameacha mayai jikoni na yalikuwa yanaungua.

Mayai yalipozikwa kwenye pipa la taka, kikao kikaendelea.

Shangazi alikuwa mchora ramani za majengo, na ofisi yake ilikuwa meza ya kulia chakula. Kila siku saa saba mchana aliikunja ofisi ili watu wale, na saa nane akaikunjua tena, huku akifuta mchuzi uliomwagikia vyumba vya kulala vya wateja wake. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa imekata roho, tena haikufa kistaarabu. Iliganda mbele ya kamati ya ujenzi ya shule moja, picha ikisimama kwenye mlango wa choo robo saa nzima, mpaka mjumbe mmoja akauliza kama waletewe mablanketi. Kazi ile akapewa mtu mwingine. Sasa Jumatatu kulikuwa na kamati nyingine, ya zahanati, na Shangazi alijua kwamba akigandiwa mara ya pili hakuna atakayemwita tena.

Kilichoufanya uamuzi uwe mgumu ni chumba. Juu ya duka la dawa, mtaa wa pili, kulikuwa na chumba cha kupanga chenye dirisha pana na soketi nne. Shangazi alishakipima kwa hatua zake mara tatu, na alishajua meza itakaa wapi na kiti cha mgeni kitakaa wapi. Akinunua kompyuta ya bei nafuu, fedha iliyobaki ingetosha kukilipia. Akinunua ile ya bei kubwa, angebaki na meza yake na mchuzi wake. Mwenye chumba alitaka jibu Ijumaa jioni.

Kompyuta zote mbili zilikuwa za kuazima. Mwenye duka, mama mmoja aliyeitwa Waranti kwa jinsi neno hilo lilivyokaa mdomoni mwake, alimwachia Shangazi azijaribu mpaka Jumamosi mchana, kwa kuwa Shangazi ndiye aliyelichora duka lake. Zote zilikuwa nyeusi, za kampuni moja, na zilikuwa zimeshatiwa kwenye mikoba ya kijivu iliyofanana kama mapacha. Kitu pekee kilichoitofautisha kilikuwa kadi ya bei iliyofungwa kwa uzi kwenye zipu ya kila mkoba. Kadi moja ilikuwa na namba ya kawaida. Nyingine ilikuwa na namba ambayo Baba Mdogo aliisoma mara mbili, mara ya pili akiwa amevua miwani.

"Zina tofauti gani hasa?" Shangazi alikuwa ameuliza kule dukani.

"Hii ina giga kumi na sita, hii nane," Waranti alisema. "Hii prosesa yake ya kizazi kipya. Hii waranti miaka mitatu, hii mwaka mmoja."

"Nauliza, ipi haigandi?"

"Inategemea na matumizi, dada. Ila waranti ipo."

Shangazi alitoka dukani na maelezo yote kichwani, na hakuna hata moja lililokuwa limekaa.

Jaribio la kwanza likafanyika saa kumi. Mkoba wa bei kubwa ulifunguliwa kwanza, kwa heshima yake. Kompyuta iliyotoka humo ilikuwa nzito. Baba Mdogo akaipima mkononi kama mtu anayechagua tikitimaji, akaridhika.

"Hiki ndicho chuma," akasema. "Pesa unaisikia mpaka kwenye bega."

Shangazi akafungua ramani ya zahanati. Kompyuta ikafikiri. Feni ikaanza kunguruma. Wodi ya wazazi ikatokea nusu, ikapumzika.

"Mbona inachelewa?"

"Kitu cha bei hakina papara, dada. Umewahi kumwona mkurugenzi akikimbia?"

Ile iliyotoka kwenye mkoba wa bei nafuu ilikuwa nyepesi kama trei. Ramani nzima ilifunguka kabla Shangazi hajavuta kiti. Akalizungusha jengo, akainua paa, akalishusha. Feni haikupumua.

"Hii sasa ndiyo ya kuogopa," Baba Mdogo akasema. "Inakwenda haraka kwa sababu haina mambo mengi kichwani."

"Kama wewe."

"Nakushauri kwa wema, halafu unanitusi."

Shangazi akamgeukia mpwa. "Profesa, ninyi huko shuleni si mnafundishwa kompyuta? Hebu niambie, naona vizuri au nimechanganyikiwa?"

Mpwa akafikiri kwa kina, akajibu kwamba suala hilo linahitaji utafiti zaidi.

Basi Ijumaa ikawa siku ya utafiti. Shangazi alizijaribu asubuhi, akazijaribu mchana. Alizijaribu zikiwa kwenye chaja na zikiwa nje ya chaja. Alihamisha ile nzito upande wa dirishani, pengine inataka hewa. Akaizima, akaiwasha, akaisemesha kwa upole. Kila mara ile ya bei kubwa ilikwama kwenye wodi ile ile, na kila mara ile ya bei nafuu ilipita kama maji. Alimpigia Waranti simu, akaambiwa ile ya bei kubwa haijawahi kurudishwa na mteja yeyote. Alipokata simu alikuwa haelewi zaidi ya alivyokuwa haelewi mwanzo.

Hapo akaanza kujishuku. Miaka kumi na miwili alikuwa amefanya kazi kwa vitu vya bei ya chini. Pengine mikono yake ilishazoea shida, na kitu kizuri kilikuwa kinaitambua na kukataa. Pengine kulikuwa na mahali pa kubonyeza ambapo wenye uwezo wote wanapajua.

"Profesa," akasema bila kuinua macho, "hivi mimi nina kasoro gani?"

Mpwa alikuwa anamenya chungwa. Hakulimaliza.

Jioni ilipofika, Shangazi alisimama ghafla, akapiga makofi mara moja. "Bei kaiandika Waranti," akasema, "lakini macho ni yangu." Akampigia mwenye chumba, akamwambia anakichukua, na Jumatatu mchana atamletea fedha. Kisha akazunguka meza akicheka peke yake, akiikusanya ofisi kipande kwa kipande kana kwamba anaiaga.

"Likizo ijayo utanikuta ofisini," akamwambia mpwa. "Nawe utapiga hodi, usubiri ujibiwe."

Mpwa akainuka, akaenda kuosha vyombo bila kutumwa. Jambo hilo peke yake lingetosha kumshtua mtu yeyote, lakini Shangazi alikuwa na furaha mno.

Jumamosi asubuhi wote watatu walikuwa dukani. Shangazi akaiweka ile nyepesi juu ya kaunta.

"Nachukua hii, ya bei nafuu. Nyingine ni nzuri, najua, ila hatupatani."

Waranti akaitoa mkobani. Akaigeuza tumbo juu, akasoma namba zake. Akaisoma kadi. Akarudi kwenye namba.

"Dada, hii ndiyo ya bei kubwa."

"Kadi inasema vingine."

"Kadi imefungwa kwenye mkoba usio wake. Na sikuifunga mimi. Mimi napiga fundo moja tu."

Baba Mdogo akasema alikuwa ameanza kuhisi hivyo tangu Alhamisi.

Shangazi akaushika ule uzi. Ulikuwa umezungushwa mara mbili, mkia ukarudishwa ndani ya kitanzi na kukazwa. Alilijua fundo hilo. Ndilo wanalofungia chandarua bwenini, na mtu aliyelizoea hufungia nalo kila kitu: viatu, sanduku, furushi la nguo chafu ambalo Shangazi mwenyewe alilikata kwa mkasi siku mpwa alipowasili.

"Profesa."

"Naam, Shangazi."

"Jana niliahidi kuchukua chumba."

Basi niache kuzungukazunguka. Yule mpwa mwenye adabu ni mimi. Nilizibadilisha kadi wakati wa mayai, wenzangu wote wakiwa jikoni, na dakika mbili zilitosha na kubaki. Nilitaka kuona kama Baba Mdogo ataisifu kompyuta au ataisifu bei, naye aliisifu bei kama nilivyotaraji, na hapo ndipo ningecheka na kusema. Sikusema. Hata Shangazi aliponiuliza ana kasoro gani sikusema, na hilo sina namna ya kulieleza vizuri, ingawa Shangazi amenipa karatasi ya kutosha niandike yote haya.

Alinunua ile nyepesi kwa bei yake halisi. Kumpigia simu mwenye chumba na kuvunja ahadi, kazi hiyo nilipewa mimi, pale pale dukani, na Waranti akanizimia redio ili nisikike vizuri. Jumatatu zahanati ilifunguka yote, paa likainuka na kushuka mbele ya kamati, na jibu lao tunalisubiri.

Ofisi nayo imepatikana. Ni chumba nilichokuwa nalala mimi, chenye dirisha dogo na soketi moja. Shangazi alikipima kwa hatua zake mara moja tu, akaondoa kitanda. Mimi nalala sebuleni. Soksi zangu zimebaki mle ndani, na nikizitaka napiga hodi, nasubiri nijibiwe.